Usifunue Mpaka Daktari Aje

Watu wengi mtaani hawakulijua jina lake la kuzaliwa, na wachache waliolijua hawakuwa na kazi nalo. Aliitwa Fundi Vilevile. Jina hilo alilipata enzi zake za ushonaji, kwa sababu kila mteja alipomaliza kueleza anachotaka, yeye alichomoa chaki mfukoni, akatia alama kwenye kitambaa na kujibu neno moja tu: "Vilevile." Na kweli, ilikuwa vilevile. Ukimwambia suruali ifike kifundoni, ilifika kifundoni, haikugusa kiatu wala haikuonyesha soksi.

Kuna bwana mmoja, mtu wa mizaha, aliwahi kumpelekea koti la kurekebisha. Akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akacheka. "Fundi, hili koti ni kubwa kama hema. Kata hata mkono mmoja, mimi sitajali!" Siku ya kulichukua akakuta koti lina mkono mmoja. Pale penye mkono uliotolewa pamepigwa pindo safi la kupendeza, na mkono wenyewe umekunjwa vizuri na kuwekwa mfukoni mwa koti. Bwana yule alifoka mpaka sauti ikamkauka. Fundi alimtazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Lakini ulisema mwenyewe," alimjibu.

Hakuwa mjinga. Alifundishwa kazi na mwalimu mkali sana, ambaye kwa kila mkunjo uliotoka kichwani mwa mwanafunzi badala ya mdomoni mwa mteja, alimcharaza vidole kwa rula. Fundi aliondoka pale na mambo mawili: mkono mwepesi wa kushona, na imani kwamba kichwa chake hakihusiki. Neno la mwisho la mteja ndilo kipimo, alikuwa akisema, na neno likishatoka yeye hakulijadili.

Mkewe aliitwa Mama Miche, na jina hilo halikuhitaji maelezo. Nyuma ya nyumba yao, kati ya ukuta wa bafu na uzio wa mabati, palikuwa na vitalu vyake: matuta membamba ya udongo uliochekechwa mpaka ukawa laini kama unga, yamewekewa fito zilizopindwa upinde mmoja baada ya mwingine. Humo aliotesha miche ya kabichi, pilipili hoho na bilinganya, na watu walitoka mitaa ya mbali kuifuata. Kwa miaka mingi Fundi alivitazama vitalu hivyo kupitia dirishani tu, kama mtu anavyotazama duka asilokusudia kuingia. "Miche haipigwi pasi," alijibu kila mkewe alipomwomba msaada, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini vidole vilipoanza kumfa ganzi alikifunga kibanda chake cha barabarani, akaileta cherehani nyumbani na kuiweka kwenye baraza la nyuma. Hapo ndipo Mama Miche alipomvuta kidogo kidogo. Alianza na vyandarua. Alikusanya vyandarua vikuukuu vya kitandani, vilivyochanika hapa na pale, akamwambia anataka vifuniko vya kuzuia wadudu, vyenye kamba ya kukaza pembeni. Fundi akavishona vizuri kama nguo za kulalia, na kamba ikapita ndani ya pindo kama kiunoni mwa pajama.

Baada ya vyandarua zikaja pete. Sota ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo. Mchana hulala ardhini amejikunja, giza likiingia hutoka akaukata mche shingoni, kisha akauacha pale pale umelala, hata asiumalize. Mama Miche alikuwa na desturi ya kuviringisha kipande cha karatasi ngumu kuzunguka kila mche, nusu ardhini nusu juu, ili mdudu akifika agonge ukuta. Hivyo vipande aliviita pete. Fundi alizitazama pete zake, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaenda kuchukua maboksi na mkasi.

"Hii si pete," alisema akimwonyesha ya kwanza. "Hii ni kola. Tazama inavyokaa. Nimeshona kola maisha yangu yote, sijapata kuona shingo nyembamba namna hii."

Jirani yao, mwanamke msusi ambaye kuku wake ndio waliokuwa maadui wakubwa wa vitalu, alichungulia juu ya uzio akaangua kicheko. "Shemeji, na vifungo usisahau! Na tai siku ya harusi!"

"Wewe funga kuku wako," Fundi alimjibu, lakini usoni alikuwa amejaa fahari.

*

Mwaka huo kulikuwa na kitalu kimoja kilichotunzwa kuliko vingine vyote. Kilikuwa karibu kabisa na pipa la maji, na ndani yake mlikuwa na nyanya za mama.

Mama aliyetajwa hapo ni mama mzazi wa Mama Miche, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Nyanya zake zilikuwa na mbavu kama boga dogo na ngozi nyembamba mno. Haziwezi safari. Ukizipakia kwenye kikapu asubuhi, adhuhuri una mchuzi. Kwa hiyo wauzaji hawakuzitaka, na hakuna duka lililouza mbegu zake. Lakini utamu wake! Wajukuu waliozikuta mezani walikuwa wakiziita nyanya za nyanya, wakacheka mpaka wakapaliwa, na hata baada ya kukua na kutawanyika hawakuacha kuziuliza kwenye simu.

Kila msimu Mama Miche alikausha mbegu zake, akaziviringisha kwenye karatasi na kuziweka ndani ya kopo juu ya kabati. Safari hii panya walikitoboa kifuniko cha plastiki na kula karamu. Alipofungua kopo alikuta makapi na vinyesi, na katika mkunjo mmoja wa karatasi, mbegu kidogo tu, za kushika kwa ncha za vidole. Alizipanda zote. Hakubakiza hata moja, kwa kuwa mbegu za nyanya hizo zikizeeka hugoma kuota.

"Zikifa hizi, basi," alimwambia mumewe. "Sina pa kuzitafuta. Mama atakuwa amekufa mara ya pili."

Zikaota. Na zilipokuwa na majani ya kitoto mawili mawili na yale ya kweli yanaanza kuchungulia, hospitali ikamwita. Mama Miche alikuwa na mtoto wa jicho. Ukungu ulianzia pembeni, ukasogea mpaka katikati, na sasa alikuwa anapanda mbegu kwa kupapasa. Nafasi ya kupasuliwa ameisubiri muda mrefu. Akiikataa, atarudishwa mwisho wa foleni. Mdogo wake wa kike anayeishi karibu na hospitali alijitolea kumpokea na kumwangalia.

Asubuhi ya kuondoka Mama Miche alichuchumaa kando ya kitalu, uso umekaribia kabisa kugusa udongo.

"Naona kijani tu," alisema. "Kijani kimeyeyuka kama rangi iliyomwagiwa maji. Hii miche ni yangu na sijaiona hata mara moja. Nikirudi, ndiyo nitakayoiangalia kwanza. Kabla yako."

"Mimi umeniona vya kutosha," Fundi alisema.

"Haya, sikiliza basi, mzee. Asubuhi maji, kwa kopo lile la matundu. Usimwage kama mtu anayeosha gari."

"Vilevile."

"Jioni majivu pembeni, konokono wasivuke."

"Vilevile."

"Chandarua hakitoki. Inzi weupe wakiingia humu tumekwisha. Na udongo usiloane kupita kiasi, ugonjwa wa kinyausi utaiozesha miche shingoni."

"Vilevile."

"Nailoni ni ya mvua tu. Mvua ikikatika, nailoni itoke. Jua lisiikute hapo. Jua likiikuta, hiyo si nailoni tena, ni sufuria. Umenielewa?"

"Vilevile."

Mama Miche akasimama, akajifuta mikono. "Na usiniitikie hivyo kama kasuku. Utumie macho."

"Macho si ndiyo hayo unayoyafuata hospitali?"

Mkewe alijitahidi kukaza uso, akashindwa. Aliondoka akicheka, akiwa ameshika mkono wa mdogo wake, na kifurushi chake kwapani.

*

Kifuniko cha nailoni kilikuwa kazi ya Fundi mwenyewe, na kilikuwa kinamuumiza roho. Mkewe ndiye aliyepima kitalu, kwa kupiga hatua, na kwa jicho lile akapunguza. Fundi aliona kabisa kwamba kipimo hakitoshi. Hakusema kitu. Alikata kama alivyoambiwa, na kifuniko kikawa kifupi upande wa pipa. Ikabidi akiongezee kiraka cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, ambacho alikishona ovyo ovyo, harakaharaka, kwa aibu, akijua kwamba hakuna mteja atakayekiona. Mshono wenyewe ulipinda kama njia ya siafu.

Siku mkewe alipopasuliwa, alasiri, mbingu ziligeuka rangi ya chuma. Upepo ulizoa nguo za msusi kwenye kamba. Kisha likagonga bati jiwe moja, la pili, halafu yakamiminika yote. Mvua ya mawe.

Fundi alitoka na nailoni begani, bila kofia, na upara wake ukapokea kila lililokuwa linashuka. "Aisee! Aisee!" alipiga kelele, si kwa mtu yeyote. Aliitandaza nailoni juu ya fito, akaikaza kamba, akapanga matofali kwenye pindo moja baada ya jingine. Upande wa pili wa uzio msusi alikuwa anakimbiza kuku wake, beseni kichwani badala ya kofia.

"Shemeji, utatobolewa kichwa!"

"Kichwa kitapona! Hizi hazina nyingine!"

Mawe yakapita, mvua ya kawaida ikashika zamu. Fundi alipenyeza mkono chini ya nailoni na chandarua, akapapasa. Kola zote zilikuwa zimesimama, na ndani ya kila kola palikuwa na shingo. Alirudi ndani amelowa chapachapa, na utosini ana nundu mbili, akajiona mtu. Hakupata kujiona hivyo kwa muda mrefu, tangu alipokifunga kibanda.

Asubuhi manyunyu yalikuwa bado yanaendelea, mepesi, na anga zito. Yalikatika Fundi alipokuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini ili akaitoe nailoni, na hapo simu ikalia. Mkewe.

Mtandao ulikuwa mbovu. Sauti ilikuja vipande vipande, kama mtu anayesema huku akifungua na kufunga mlango.

"Halo! Mke wangu! Jicho vipi? Huku jana ilipiga mvua ya mawe! Lakini niliwahi kufunika! Sasa imekatika! Nifunue?"

Kimya. Mkwaruzo. Kisha sauti yake, ya mbali: "...salama, namshukuru Mungu... wanasema ...sifunue mpaka daktari aje..."

"Nini? Nisifunue?"

"...sifunue mpaka daktari aje... nimepewa onyo kali... nazima simu, nesi huyo..."

Ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Fundi alisimama katikati ya baraza, akalipima neno alilopewa. Usifunue mpaka daktari aje. Daktari alikuwa mmoja tu mtaani: yule bwana wa duka la pembejeo, aliyeuza dawa za mimea na chanjo za kuku, na ambaye kila mtu alimwita Daktari kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuitwa hivyo. Jambo lilikuwa na maana. Miche imepigwa na mawe, ina majeraha, huenda mkewe ameogopa ugonjwa kuingia, akataka Daktari aitazame kabla haijaguswa. Kule hospitali ameongea na watu wanaojua, kwa sababu alisema wanasema. Nailoni ni ya mvua tu, aliambiwa mwanzo. Lakini hilo lilikuwa neno la kwanza, na hili ndilo la mwisho.

"Vilevile," alisema kwa simu iliyokwisha kuzimika, akavaa viatu kwenda kumwita Daktari.

Duka lilikuwa na kufuli. Mlangoni paliandikwa kwa chaki: Nimefuata mzigo. Narudi mchana.

*

Aliporudi nyumbani, mawingu yalikuwa yanaachana. Jua lilitoka kwa nguvu, kama mtu aliyefungiwa chumbani muda mrefu, na ua ukaanza kufuka mvuke. Fundi alikaa kwenye cherehani yake, akachukua suruali ya kutia zipu. Alitia zipu. Akaitoa, kwa kuwa ameitia kinyume. Akatazama kitalu.

Nailoni ilikuwa imetoka jasho kwa ndani. Matone yalikuwa makubwa, yanateleza, na nyuma yake kile kijani hakikuonekana vizuri. Aliinuka, akaenda, akagusa nailoni kwa kiganja, akakitoa haraka. Alirudi kukaa. Macho yalimwambia jambo moja, na neno alilopewa likamwambia jingine, na katika maisha yake yote hakuwahi kuyasikiliza macho katika kesi ya namna hiyo. Aliinuka tena. Akaenda mpaka barabarani kutazama kama Daktari anakuja. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, na hapakuwa na mtu ila fundi viatu aliyelala chini ya mwavuli wake.

"Shemeji!" Msusi alikuwa uzioni, chanuo limechomekwa kwenye nywele zake, ameacha kichwa cha mteja nusu. "Leo unapika nini huko nyuma? Mbona kunanukia mchicha?"

"Sipiki kitu. Namsubiri Daktari."

"Nani anaumwa?"

"Miche."

Msusi alitazama kitalu, akamtazama yeye, akatazama tena kitalu. Mzaha ukamtoka usoni. "Na mgonjwa akikata roho kabla daktari hajafika?"

"Mwenyewe amesema isifunuliwe."

"Nani?"

"Mwenye miche. Nimemsikia kwa masikio yangu." Na kwa kuwa alikuwa anaanza kuogopa, alipandisha sauti. "Alisema mwenyewe!"

Maneno yale yalimrudia. Aliyasikia kama yametoka kwa mtu mwingine, na nyuma yake akaliona lile koti la mkono mmoja, pindo lake safi, na uso wa yule bwana uliovimba kwa hasira. Mshono ule ulikuwa mzuri kuliko yote aliyopata kushona. Na koti halikuvalika tena.

Alikimbia. Kamba ya pindo ilikuwa imelowa jana na kukauka leo, fundo limekaza kama jiwe, na vidole vyake vya ganzi vikaliparura bure. Alirudi barazani, akauchukua mkasi mkubwa, mkasi ambao haukupata kukata kitu bila mstari wa chaki kutangulia, akauchoma kwenye nailoni na kuipasua kutoka mwanzo wa kitalu mpaka mwisho, bila kupima, akienda upande upande kama mlevi.

Mvuke ulimpiga usoni. Ulikuwa na harufu ya mboga iliyochemshwa.

Miche ilikuwa imelala ndani ya kola zake. Si kwamba imenyauka tu. Ilikuwa imelainika, ya kung'aa, imegandamana na ardhi kama nyuzi zilizolowa maji. Fundi alipiga magoti matopeni. Alipandisha chandarua, akajaribu kuuinua mmoja kwa ncha ya kidole, ukamnatia kidoleni. Akajaribu mwingine. Msusi alikuwa amekwisha kuruka uzio, jambo ambalo hakuna aliyejua kwamba analiweza, na amebeba shuka. Wakalitandaza juu ya fito wawili wao, kuleta kivuli, na hakuna aliyetania.

Ilikuwa katika kulivuta shuka mpaka upande wa pipa ndipo Fundi alipoona kiraka. Pale kifuniko kilipopungua, pale alipoongezea chandarua kwa mshono wa aibu, joto lilikuwa limepata pa kutokea. Chini ya kiraka hicho miche michache ilikuwa imesimama. Ilikuwa imelegea, majani yameinama kama watoto waliogombezwa, lakini shingo zilikuwa wima. Unaweza kuizungushia mikono miwili ikatosha.

Daktari alifika alasiri na pikipiki yenye mzigo. Alitazama, akaguna.

"Sasa mzee wangu, na jua hili, kwa nini ulikuwa unanisubiri?"

"Mke wangu alisema usifunue mpaka daktari aje."

"Mama hajanipigia." Daktari alikuna kidevu. "Yeye mwenyewe si yuko hospitali ya macho? Huko si ndiko kwenye madaktari?"

Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikaa hapo muda mrefu baada ya pikipiki kuondoka.

*

Mama Miche aliporudi alikuwa na miwani mieusi iliyomfunika nusu ya uso. Fundi alimsubiri langoni. Hakutaka amkaribishe kwanza, ampe kiti, amuulize habari za safari, halafu ndiyo amwambie. Alimwambia pale pale, kifurushi kikiwa bado mkononi mwa shemeji yake, yule mdogo wa mkewe aliyemsindikiza.

"Nimeiua miche ya mama. Imebaki kidogo. Nimeichemsha."

Mkewe alipita moja kwa moja. Wakamfuata mpaka nyuma. Alisimama mbele ya kola zilizopangwa kwa mistari, nzuri, zilizokatwa sawasawa, na karibu zote tupu.

"Nilikuambia nini kuhusu nailoni?"

"Itoke mvua ikikatika."

"Sasa?"

"Halafu ukasema isitoke. Kwenye simu. Nilikuuliza nifunue, ukasema usifunue mpaka daktari aje."

"Mimi?" Alimgeukia. "Mimi nilisema nisifunue! Nisifunue! Jicho langu! Uliniuliza jicho vipi, nikakuambia nimefungwa bandeji, wanasema nisifunue mpaka daktari aje!"

"Nilisikia usifunue."

"Ni-si-fu-nu-e!"

"Kule kulikuwa na mkwaruzo, mama. Na mwanzo wa neno ulikatika."

Upande wa pili wa uzio msusi alitoa sauti ya mtu anayekohoa kicheko. Hakuna aliyemuunga mkono. Mama Miche aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba, na Fundi akabaki na shemeji yake wakitazamana kama watu waliofika msibani bila kumjua marehemu.

Jua lilipokuwa linashuka Fundi alimpelekea chai. Chumba kilikuwa kitupu. Akamkuta nyuma, amechuchumaa upande wa pipa, miwani ameiweka kwenye goti, uso umekaribia miche iliyobaki, kwa mazoea tu, maana sasa hakuhitaji kukaribia kiasi hicho.

"Ina manyoya," alisema bila kugeuka. "Kwenye shingo. Manyoya madogo, meupe. Sikumbuki kama niliwahi kuyaona hata nilipokuwa msichana."

Fundi akaweka kikombe chini. Alitaka kusema pole, lakini alikuwa amekwisha kuisema mara nyingi mpaka imechakaa.

Mkewe alinyoosha mkono, akakivuta kile kipande cha nailoni kilichopasuliwa, kilichokuwa bado kimening'inia kwenye fito. Akatazama mpasuo, jinsi ulivyokwenda ovyo. Akafuata pindo kwa kidole mpaka kwenye kiraka, akakileta karibu na jicho lake jipya.

"Hiki nani kashona?"

"Mimi."

"Mbona mshono umepinda?"

"Nilikuwa na haraka. Kitambaa hakikufika. Kipimo kilipungua."

"Kipimo changu."

"Kipimo chako."

"Ulijua kimepungua?"

"Nilijua."

"Na ukakata."

 Mama Miche alikaa akikitazama kiraka kile kwa muda, na Fundi alidhani anahesabu makosa. Kumbe alikuwa anacheka, kimya kimya, mabega yakitikisika, na machozi yakatiririka kutoka kwenye jicho ambalo aliambiwa asilitoneshe.

"Maisha yote unashona mshono ulionyooka kama rula," alisema akijifuta kwa pembe ya kanga, "na mshono mmoja uliopinda ndio uliomwokoa mama. Mungu na maajabu yake." Halafu kicheko kikaisha. "Lakini inauma, mzee. Nisikudanganye. Nilitaka kuiona yote."

"Najua."

"Ile nailoni uliipasua wewe?"

"Kwa mkasi."

"Bila chaki?"

"Bila chaki."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto wake bubu ameimba. Akaichukua chai yake.

Asubuhi iliyofuata waliamka pamoja wakatoka nyuma. Miche ilikuwa imeinua majani. Chandarua kilikuwa mahali pake, na juu yake lile shuka la msusi, kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Jua lilikuwa linapanda nyuma ya bati, lakini upande mwingine kulikuwa na wingu, pana, la rangi ya jivu, lisilosema linakwenda wapi.

Mama Miche alishika pindo la shuka upande wake. Fundi akashika upande wa pili.

"Haya," mkewe alisema. "Tufunue, au tuache?"

"Vile..." Fundi alianza, akakomea hapo, kwa kuwa hakukuwa na agizo la kuitikia. Mkewe alikuwa anamsubiri, ametulia, miwani mieusi imeelekea kwake. Alikuwa amemuuliza kweli.

Fundi alitazama wingu. Akainama, akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo mpaka alipokuwa na hakika. Akapenyeza kidole chini ya chandarua, akaligusa jani moja kwa mgongo wa kidole.

"Tufunue," alisema. "Lile wingu halina mvua. Lakini shuka tusilikunje. Tuliweke karibu."

 Mama Miche alianza kuliviringisha shuka upande wake, na Fundi akaenda naye, hatua kwa hatua, mpaka kwenye pipa.